Hatua Arobaini na Moja

Mlangoni pa ofisi ya masomo ya uzamili pameandikwa saa mbili, lakini karani hufungua dirisha lake saa nne. Kwanza hupangusa meza kwa kiganja, kisha huweka kikombe cha chai juu ya mafaili ya watu, ndipo huuliza, "Haya, nani wa kwanza?"

Jumanne ile wa kwanza alikuwa mzee anayesukuma toroli katika kiwanda cha sabuni. Aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa shati lake la kwendea mazishini. Kwapani alibana tasnifu ya marehemu mkewe, nakala tano, zimejalidiwa kwa rangi iliyotakiwa na chuo.

"Nimeleta," alisema. "Naomba mmpe shahada yake."

"Mzee wangu, uzamili wa uhandisi wa viwanda una masharti yake." Karani alihesabu kwa vidole. "Krediti thelathini na sita, anazo. Semina mbili, kafanya. Mtihani wa jumla, kafaulu. Tasnifu, hii hapa. Bado kuitetea mbele ya jopo, na hapo sharti aje mwenyewe."

"Ana miezi kumi na moja kaburini."

"Pole sana. Lakini kanuni ndiyo hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mzee alirudi kiwandani, akashika toroli.

Pale kiwandani mashine ya kukatia miche ya sabuni iko pembe hii, meza ya kufungashia iko pembe ile. Katikati kuna nguzo, na kuna tangi kuukuu ambalo halijachemsha kitu tangu watu wengi pale hawajazaliwa. Toroli huzunguka nguzo, likazunguka tangi, ndipo likafika. Ni hatua arobaini na moja. Mzee aliishia darasa la nne, lakini kwenye kuhesabu hakuna aliyewahi kumpunja. Mkewe, aliyekuwa fundi wa zamu, alishika saa ya kupimia, yeye akasukuma na kuhesabu. Walifanya hivyo siku tisini. Walipomaliza, mke akachora: mashine ikigeuzwa na kusogezwa, hatua tisa zinatosha. Iliwekwa pale kwa sababu moja tu, kwamba siku ilipoletwa, soketi ya umeme ilikuwa ukuta ule.

Meneja hakuukunjua mchoro. "Niletee uliosainiwa na mtu mwenye uzamili," alisema. "Akisaini leo, kesho nahamisha."

Basi mwanamke wa watu, na miaka yake arobaini na mitatu, akarudi shule. Alisoma jioni, akatimiza hili na lile, na kila akitimiza moja aliambiwa lipo jingine. Moyo wake ulisimama Jumanne moja kwenye benchi la nje ya dirisha la karani, akisubiri sahihi ya msimamizi aliyekuwa safarini. Wakubwa hawana haraka. Magoti yanayoisha si yao.

Jumanne iliyofuata, mzee alipofika, mkewe alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi lile lile. Alivaa ovaroli yake ya buluu, kalamu nyuma ya sikio, na udongo kidogo kwenye mikunjo ya mikono.

"Umechelewa," mkewe alimwambia.

"Nimekuja kwa miguu. We' uko wa ngapi?"

"Wa tatu."

Karani alitazama picha kwenye faili, akamtazama yeye, akasema ndiye, akampa fomu. Mkewe alipofika kwenye hali ya ndoa kalamu ilisita.

"Andika umeolewa," mzee alisema. "Kwani nani kakuacha?"

Jopo lilikuwa la watu wanne. Mmoja aliomba madirisha yafungwe, maana kila mara mtahiniwa alipogeuza ukurasa kilipita kibaridi. Mwingine aliuliza kwa nini amepima msukuma toroli mmoja tu.

"Kiwanda kina toroli moja," alijibu.

Walimsifu. Walisema amefaulu. Kisha mwenyekiti akakohoa, akaeleza kwamba mtaala umebadilika tangu mwaka huu, na kila mwanafunzi sharti afanye wiki kumi na mbili za mafunzo kwa vitendo kiwandani.

"Nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa," alisema.

"Ile ilikuwa ajira, mama. Haya ni mafunzo."

Mzee, aliyekuwa amekaa nyuma, alisimama. "Roho mmeshaichukua! Sasa mnataka na nini?"

Mwenyekiti alimwomba katibu aandike swali hilo kwenye kumbukumbu za kikao. Liliandikwa.

Meneja alimpokea mwanafunzi bila shida. Alisema mafunzo huanzia chini, akanunua toroli la pili. Marehemu alilisukuma. Hakutoka jasho, hakuomba maji, hakuuliza choo kiko wapi. Kengele ya mapumziko ilipolia yeye aliendelea, kwa kuwa fomu ya chuo haikutaja mapumziko. Kufikia wiki ya nne, meneja alikuwa akisimama kila asubuhi nyuma ya kioo cha ofisi yake ya juu, na saa mkononi, akitabasamu.

"Kufa kufaana, shemeji," mfungashaji mmoja, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, alimwambia mzee. "Na wewe usimame vizuri, usije ukafananishwa na wafu."

Wiki kumi na mbili zilitimia. Karani alisema sasa imebaki sahihi ya meneja tu, nayo ikija, shahada inatoka. Mzee akapanda ngazi na fomu, magoti yakilia kama bawaba.

Meneja aliisoma fomu hadi chini. "Bado hajaiva," alisema. "Aongeze wiki chache."

"Na mashine?"

"Ihamishwe ya nini? Mzigo si unafika?" Aliiweka fomu kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia vipuri, "Mzee, hapo chuoni hawako wengine wa hali yake?"

Mzee alishuka ngazi moja moja. Mkewe alikuwa anamngoja kwenye mashine, toroli limejaa miche.

"Kasaini?"

"Hajasaini."

Mkewe alichomoa saa ya kupimia mfukoni, akaibonyeza, wakashika toroli wote wawili, yeye kulia, mumewe kushoto, kama walivyokuwa wakibeba kitanda enzi za kuhamahama nyumba za kupanga. Wakazunguka nguzo. Wakazunguka tangi. Mkono wa mkewe ulikuwa baridi, ila ulikuwepo. Wakafika mezani.

"Ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na moja."

Aliandika, akarudisha kalamu nyuma ya sikio, wakageuza toroli.