Hatujagundua, Tumeunguza

Maabarani walimwita Bubu kwa upole wake. Asubuhi hiyo profesa wake aliingia akichekelea, makala mkononi.

"Mwanangu, kila tukiipiga eksirei oksidi ya shaba, mstari wa grafu unasogea. Shaba inajiongezea elektroni yenyewe! Ugunduzi huo!"

Bubu alikitoa kidonge cha oksidi kwenye mashine. Kilikuwa cheusi tii, ila pale mwale ulipopiga palikuwa na kidoa chekundu. Akakirudisha, akauelekeza mwale penye weusi mzima, akapiga mara moja tu. Mstari ukarudi ulipoanzia.

"Ni mwale wetu unaoibadilisha shaba, Profesa. Hatujagundua, tumeunguza."

"Ala! Leo Bubu ana domo! Jina lako nimeliweka la pili kwenye makala haya, mama. Funika kombe mwanaharamu apite."

Machozi ya hasira yalimlenga Bubu. "Mpishi akiunguza chungu, hujisifu kwamba amegundua mkaa? Lifute jina langu!"

Profesa akacheka. Bubu akamchomolea kalamu mfukoni, akalikata jina lake mwenyewe kwenye makala mpaka karatasi ikatoboka.