Pipa Jeupe Chini ya Nyavu

Nahodha alipenda kila kitu kikae mahali pake; hata vikombe vya chai botini mwake vilikuwa na misumari yake ya kutundikiwa. Ndiyo maana lile pipa jeupe juu ya kibanda cha usukani lilimkera. Ndani yake mlikunjwa boti ya mpira ya kujiokolea, inayojijaza upepo kamba ikivutwa. Kila nyavu zilipopandishwa zilikwama pale, na wavuvi wakapoteza nusu saa kuzinasua. Siku moja akalifungua kutoka pale, akaliteremsha stoo ya mbele na kulirundikia nyavu za akiba.

Fundi wa injini, kaka wa mkewe, alikuwa akifuta mikono kwa tambara.

"Shemeji, hilo mahali pake ni juu. Boti ikizama linajifyatua lenyewe. Huko chini litamwokoa nani, panya?"

"Ukiogopa maji, shemeji, kauze vitunguu."

Wenzao wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka kidogo, akarudi kwenye injini yake.

Wiki ya tatu, mchana kweupe na nchi kavu haionekani, waligonga gogo lililokuwa likielea. Mbao za mbele zikapasuka, na stoo ndiyo iliyojaa kwanza. Fundi alijitosa humo kabla hajaambiwa. Maji yalimfika kidevuni, nyavu zilizolowa zimemzonga miguu, na pipa limepanda na maji likakwama chini ya fremu ya mlango. Alilivuta. Boti ikalala ubavu, pipa likambana mkono. Walipomtoa, vidole viwili vilikuwa vimepondeka, na pipa limebaki kule kule.

Walielea saa nne wameshikilia makasha ya samaki, mpaka boti nyingine ikawaokota. Wote watano walikuwa hai. Hospitalini, vile vidole vikakatwa.

Mama mkwe alifika na kikapu, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe.

"Si mlikuwa na boti ya mpira?"

Fundi alitazama ukuta. "Iligoma, mama. Vitu vya siku hizi."

Mama akamgeukia nahodha, akamshika mikono yote miwili. "Ahsante, baba. Umenirudishia mwanangu."

Nahodha alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaaga, akaondoka. Nyumbani mkewe alimwekea chakula kikapoa, akamwekea chai nayo ikapoa. Vidole vilikuwa vya fundi, lakini mikono iliyomuuma nahodha ni yake mwenyewe, ile iliyoshikwa na kushukuriwa.

Kesho yake alirudi, akasimama mlangoni mwa wodi.

"Mama, haikugoma. Nililificha pipa mimi, chini ya nyavu. Mwanao alinionya, nikamfanya kichekesho mbele ya watu."

Mama alikunja kanga yake polepole, akaikunjua tena.

"Nimekusikia," alisema. "Leo usinipe mkono."

Nahodha akamtazama fundi. "Kwa nini ulinifichia?"

"Nilimfichia dada yangu. Yeye ndiye anayelala nyumba moja na wewe."

Mama alipoinuka kuondoka, nahodha alichukua kikapu bila kuombwa. Mama hakumzuia, wala hakugeuka. Nahodha akashuka ngazi nyuma yake, hatua tatu nyuma, asijue kama anamsindikiza au anamfuata tu.