Mrashi wa Bi Esha

Roselyn alikuwa amepanga chumba cha juu kwa Bi Esha, mtaa wa Langoni, lakini nyumba ile haikumhesabu kuwa mpangaji. Akirudi kutoka zamu yake ya uuguzi amechoka, alikuta sahani imefunikwa kawa inamngoja kwenye ngazi. Kwa hiyo siku Bi Esha alipoita wanawake kwa maulidi, kwa ajili ya binti yake Ruba aliyekuwa amechumbiwa, Roselyn aliketishwa mbele pamoja na jamaa.

Kisomo kilipofika pale watu wanaposimama, Bi Esha alipita akiwanyunyizia wageni marashi. Mrashi wake ulikuwa chombo kirefu cha kung'aa, kimechorwa majani na vishada vya matunda shingoni. Kilipakwa fedha zamani sana. Mahali pa kushikia, fedha ilikwisha kulika, shaba ikawa inachungulia. Marehemu mumewe, Bwana Mohdhar, alikinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Shela, akamletea mkewe alipojifungua Ruba.

Roselyn alikitambua papo hapo. Alipokuwa chuoni Eldoret alifanya vibarua vya jioni katika baa ya hoteli, na rafuni palikuwa na kingine kama hicho: chombo cha kale cha kutikisia pombe na barafu, chenye kifuniko cha vitundu vya kuchujia. Kicheko kikampanda. Akatoa simu chini ya mtandio, akarekodi mkono na chombo tu, asionyeshe uso wa mtu, akaweka kwenye status ya WhatsApp: "Jamani, huku tunarashiwa kwa sheka ya kokteli!"

Aliwakusudia marafiki zake wa Eldoret. Kwamba Ruba naye alikuwa na namba yake, na mashoga wa Ruba pia, hilo halikumpitia akilini.

Asubuhi aliifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa. Mkono ule wenye hina na pete ya akiki mtaa mzima uliujua ni wa nani. Kabla ya adhuhuri Bi Umulkheir, mama wa mchumba, alikuwa ametuma mtu aulize kama ni kweli alirashiwa kwa chombo cha ulevi huku akimsalia Mtume.

Roselyn alishuka ngazi. Bi Esha alikuwa ameketi mkekani, mrashi mbele yake. Ruba alisimama mlangoni, macho mekundu, asiitikie salamu.

"Ndoo hapa, mwanangu, keti," Bi Esha akasema. "Hiki ni cha nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: nilikuwa natania tu, Bi Esha. Akautazama uso wa yule mama, uongo ukamshinda.

"Ni cha kuchanganyia pombe. Hata mimi nimewahi kutumia kama hicho."

"Na matunda haya?"

"Ni zabibu."

"Mume wangu alinambia ni makomamanga." Bi Esha alipitisha kidole juu ya michoro ile. "Na yana kwenye maulidi, ulipokuwa umeketi mbele yangu, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukunambia? Ningekiweka kando, pasijue mtu. Umewaambia watu wote, mimi peke yangu ukaniwata nisijue."

Hakupandisha sauti. Roselyn alitamani mama yule apige kelele, amtukane, amtupie vitu vyake nje. Bi Esha hakufanya hata moja.

Jioni ile Roselyn alikwenda mwenyewe kwa Bi Umulkheir. Njiani wanawake waliokuwa wakiongea barazani walinyamaza alipopita.

"Kosa ni langu, Bi," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Bi Esha hakujua. Niliyejua ni mimi, na nikacheka."

"Chombo kikioshwa kimetahirika, hilo hata mtoto wa madrasa analijua," Bi Umulkheir alijibu. "Na posa haivunjiki kwa ajili yako. Lakini tulikuketisha mbele, binti, nawe ukatufanya kichekesho. Hilo unaliosha kwa mai gani?"

Roselyn aliaga, akatoka. Alirudi akamwambia Bi Esha kwamba atahama.

"Uhame wende wapi?" Bi Esha akasema, na usiku sahani ikawa ngazini kama kawaida. Roselyn alikaa nayo magotini mpaka chakula kikapoa.

Mrashi ulifungwa kwenye kanga, ukatiwa sandukuni. Majirani walipokuja kuuazima, Roselyn alimsikia Bi Esha akiwaambia umevunjika.

Arusi ilifanyika. Roselyn aliitwa, akaenda, simu akaiacha chumbani, akakaa nyuma kabisa. Baadaye Ruba alipita akiwaaga wanawake mmoja mmoja, akiwakumbatia, wengine wakilia naye. Huyu ndiye Ruba aliyezoea kumpiga kumbo ngazini na kumwibia mafuta ya nywele. Alipomfikia Roselyn alimpa mkono, kwa adabu zote, kama anavyopewa mgeni.

"Ahsante kwa kuya, Bi Roselyn," alisema, akasogea kwa mwingine.