Kura ya Volti

Kwa miaka arobaini mama yangu, Anatolia, hakuwahi kurudishiwa kahawa. Msimu huu amerudishiwa mara mbili, na aliyemrudishia ni mimi, bintiye.

Mimi Klaudia ndiye niliyekitengenezea kipima unyevu chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Muleba. Kahawa ikisoma kumi na mbili kwa mia, inapokelewa. Ikizidi, imeloa; ikipungua sana, imekauka mno; zote mbili hurudishwa. Mama, kwa kuringia mwanawe, alikuwa wa kwanza kupimiwa. Ikasoma kumi na nane. Datius, karani, akamwambia mbele ya foleni nzima aache kutia maji ili magunia yawe mazito. Jumapili hiyo kwenye jumuiya hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja. Wenzake walianika zao hadi zikawa kokoto, zikasoma kumi na mbili, zikapita.

Nikarudi kwangu Buhembe, mjini Bukoba, kwa hasira, nikafungua draiva, ile programu ya kukiendesha kipima, niliyoiandika kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Kosa lilikuwa limekaa pale pale, langu tupu. Kile kipima hakijui maji. Kinajua umeme tu: unaopita kwenye kahawa kinaulinganisha na volti za rejea. Draiva niliiambia rejea ni tano. Lakini dukani Bukoba kifaa cha rejea cha volti tano kilikuwa kimekwisha, nikachukua cha tatu nukta tatu, nikasahau kubadilisha ule mstari. Ni sawa na kupima maharage kwa kikombe kidogo huku ukiandika kikubwa. Kusahihisha ni kazi ya dakika mbili.

"Hapana," akasema mwenyekiti wa chama, mzee Kyaruzi, nilipomwomba nikisahihishe. "Kipima ni mali ya chama. Hiyo ni ajenda ya mkutano mkuu."

Siku ya mkutano kisahani cha kahawa ya kutafuna kilizunguka kwanza, kama ilivyo ada. Kisha nikasimama na aibu yangu, nikakiri kwamba mama hakutia maji, mkosaji ni mimi. Nikaomba ruhusa ya kuandika tatu nukta tatu.

Mama Renatha, mjumbe wa kamati, akanyoosha mkono. "Waitu Klaudia, kati ya tano na hiyo tatu yako, kubwa ni ipi?"

"Tano, lakini..."

"Kwa hiyo umetoka Bukoba kuja kutupunguzia?"

Makofi. Mwingine akapendekeza nne, kwa ajili ya umoja. Ikapigwa kura. Tatu nukta tatu ilipata watu wanne. Mama alinyoosha mikono miwili, ukahesabiwa mmoja. Nne ilipata tisa. Tano ilipata themanini na moja.

Lakini mzee Kyaruzi ni mtu wa haki. "Mama Klaudia asionewe," akasema. "Volti zibaki tano. Kitakachopanda ni kiwango, kutoka kumi na mbili hadi kumi na nane. Zilizokwisha kupita, zimepita."

Nikapiga hesabu kwa vidole: kumi na nane ya kipima kile ndiyo kumi na mbili ya kweli. Ilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mama alikuwa amekuja na magunia yake, kahawa aliyoianika upya kwa wiki tatu, akiigeuza kwa mikono huku akisali rozari. Datius akachota konzi moja, akapima mbele ya wote. Ikasoma kumi na mbili kamili, namba ile ile mama aliyoisumbukia muda wote huo.

"Imekauka mno," akasema Datius kwa upole. "Rudi nayo, waitu mama. Inyunyizie maji kidogo."

Mama akaburuta gunia la kwanza hadi kwenye bomba la mlangoni, ambako wanachama wote walikuwa wanapita kwenda nyumbani, akalifungua mdomo na kunikabidhi ndoo.

"Hapa, mama? Watu wote wanatuona."

"Ndiyo maana ni hapa," akasema. "Mimi nitashika gunia. Maji utatia wewe, safari hii waone mkono ni wa nani."