Mabakuli Kumi na Moja ya Chai

Barua ilisema kwamba mtaalamu wa biashara ya kilimo angefika Jumatatu kutoka Korea, angekaa wiki tatu, na kwamba anajitolea, hatadai chochote. Yanjmaa aliisoma mara mbili mbele ya wenzake, akaikunja.

"Mtu mzima na akili zake anaacha nyumba yake aje kutufundisha kuuza kabichi, bure?" akauliza. "Kwao wamemfukuza?"

Wenzake walicheka. Yanjmaa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima tisa wa bonde la mto Kharaa huko Mongolia, mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye mikono mipana na mdomo usio na breki. Kulima walijua. Kabichi zao zilikuwa nzito kama mawe, karoti zao tamu, viazi vyao vikubwa. Kuuza ndiko kulikowashinda. Kila mwisho wa Septemba, baridi kali ikiwa karibu kuingia, mchuuzi aitwaye Chuluun alikuja na lori lake kutoka Ulaanbaatar, akaguna, akataja bei, wakakubali, akapakia, akaenda zake. Kisha walikaa majira yote ya baridi wakimsema.

Mgeni alishuka kwenye treni na begi dogo, mzee mwembamba wa miaka sitini na sita, aitwaye Pyo. Mkalimani wao alikuwa Gombo, mmoja wa wale tisa, aliyewahi kufanya kazi miaka sita katika kiwanda cha mbao huko Korea. Mzee Pyo aliinama, akazungumza kwa muda mrefu, akainama tena.

"Anasema hamjambo," Gombo akatafsiri.

"Maneno yote yale?"

"Mengine ni ya heshima tu, dada. Hayana kitu ndani."

"Haya, mwambie karibu sana, ajisikie yuko nyumbani, aketi, ale mpaka ashibe."

Gombo akatoa maneno mawili matatu kwa sauti kubwa. Mzee Pyo aliketi papo hapo, kama mtu aliyekatwa miguu, akaanza kula kwa haraka macho yakiwa chini.

Siku nne zilipita hivyo. Kila Gombo alipofungua mdomo, mgeni alishtuka. Hatimaye mzee mwenyewe alimvuta Gombo pembeni, akazungumza naye kwa upole, na Gombo akarudi masikio yamemwiva kwa aibu.

"Amesema nini?" Yanjmaa akauliza.

"Anauliza Kikorea changu nilifundishwa na nani."

"Na ulifundishwa na nani?"

"Na msimamizi wa kiwanda, dada. Yeye alikuwa na maneno machache tu. Kaa. Kula. Haraka. Mjinga wewe." Gombo akajikuna shingo. "Mimi nilidhani ndiyo lugha yenyewe."

Yanjmaa alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo Gombo alisema kila jambo kwa kunong'ona, na mambo yakaenda vizuri kidogo.

Mzee Pyo alizunguka mashamba yote tisa. Alibonyeza kabichi, akanusa udongo, akavunja karoti akaitafuna. Mwisho akasema hana la kuwafundisha shambani. Alitaka kuona jambo moja tu: wanavyouza. Wakakusanyika ghalani. Akaketi juu ya kreti, akasema, "Mimi ndiye mnunuzi. Njooni mmoja mmoja."

Hapo yule mzee mpole alipotea. Uso ulimkunjamana, macho yakapoa. Aliichukua kabichi ya Gombo kwa vidole viwili kama mtu anayeinua panya aliyekufa, akaipiga konzi, akahema. Hakusema neno. Gombo, ambaye ndiye alitakiwa kutafsiri, akaanza kujitetea bila kuulizwa: ni kweli majani ya nje yametobolewa kidogo, ni kweli mwaka huu mvua haikuwa nzuri, basi apunguze. Mzee aliamka, akatembea hatua tatu kuelekea mlangoni. Gombo akapunguza tena.

Ilipofika zamu ya Yanjmaa, aliingia akiwa amepanga maneno yake yote. Mzee aliitazama kabichi yake, akatazama saa, akaitazama tena kabichi kwa huruma, kama anayeipa pole. Yanjmaa hakuelewa kilichompata. Alishuka bei mara nne, na mwisho akaahidi kumwongezea kopo la krimu ya maziwa ya ng'ombe wake.

Ghala zima lilikufa kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Muulize alijifunzia wapi uchawi huu," akamwambia Gombo.

Mzee Pyo alijibu polepole, akiangalia viatu vyake. Gombo alisita kabla ya kutafsiri.

"Anasema alikuwa mnunuzi wa mboga katika soko kubwa huko kwao. Miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwashusha bei wakulima."

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Kumbe tumemlisha Chuluun wa Korea!"

Yanjmaa alikwenda nyumbani bila kuaga. Chakula cha mchana alimpelekea mgeni, lakini alikitua mezani kwa kishindo. Jioni aliketi mbele yake, akakunja mikono.

"Haya. Mwizi akifundisha kufuli, tutamsikiliza. Sema."

Mzee akasema kuna mambo mawili tu. La kwanza, wauzaji tisa wana midomo tisa, na mnunuzi hutafuta ule ulio dhaifu. Basi wawe na mdomo mmoja. La pili, mnunuzi akitaja bei, wasijibu. Kimya humtisha mnunuzi kuliko matusi. Na lori halirudi mjini tupu, mafuta yameshaungua.

"Kunyamaza?" Yanjmaa akang'aka. "Mgeni amekaa nyumbani mwangu, namkodolea tu macho kama kondoo? Mama yangu atafufuka anizabe kofi."

Wakabishana mpaka mzee akakubali iwe hivi: akitaja bei, hakuna kujibu, ila atamiminiwa chai. Kumnywesha mtu chai si ufidhuli popote.

Chuluun alifika siku mbili baadaye, mtu wa kitambi na jaketi la ngozi, akaingia akiwa anacheka.

"Dada yangu Yanjmaa! Bado unapendeza. Mwaka huu soko limekufa, sijui kwa nini hata nimekuja. Kwa ajili yako, mia tano kwa kilo."

Yanjmaa akammiminia chai ya maziwa yenye chumvi, bakuli likafurika.

"Mia tano," Chuluun akarudia, akanywa. "Umesikia?"

Akamiminiwa tena. Wale wengine wanane walikaa ukutani wakitazama miguu yao. Mzee Pyo alikuwa pembeni, amevaa kofia iliyofunika nyusi, akimenya karoti.

"Mbona kama msibani? Haya, mia tano na hamsini."

Chai.

Kwa Mmongolia kuacha bakuli ulilopewa kwa mikono miwili si jambo dogo, na Chuluun, pamoja na ujanja wake wote, alikuwa amelelewa. Alikunywa la nne, la tano. Kwenye la sita alitoka nje mbio, akarudi akifunga mkanda, akakuta la saba linafuka mvuke. Alifika mia sita kwenye la nane. Kwenye la kumi alikuwa analoa jasho, na kwenye la kumi na moja aliweka bakuli chini kwa nguvu.

"Mmekula nini leo? Mmenyweshwa dawa? Barafu ikiwaangukia shambani msinipigie simu!"

Akatoka. Lori likanguruma, likashika barabara, likapotea nyuma ya kilima.

Hakuna aliyesogea. Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja, na Gombo akasema wamekwisha, na mwingine akasema aliwaambia. Lakini aliyeharibikiwa zaidi alikuwa Mzee Pyo. Alisimama dirishani, akakaa, akasimama. Ghafla akaelekea mlangoni akisema maneno ya haraka.

"Anasema tumkimbilie," Gombo akasema. "Anasema mia sita si mbaya."

"Si yeye alisema lori halirudi tupu?"

"Anasema alikuwa anaamini hivyo."

"Mwambie akae."

Gombo alisahau kunong'ona. Kikorea cha kiwandani kilimtoka chote, na mzee akaketi sakafuni.

Alipozungumza tena sauti ilikuwa chini sana. Gombo alitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. "Anasema, miaka thelathini na mmoja yeye ndiye alikuwa anaondoka na lori. Akishapita kona, alikuwa anawasha redio. Hakuwahi kujua wanaobaki nyumbani wanakuwa hivi."

Yanjmaa alimtazama. Hasira aliyokuwa ameibeba siku mbili ikamtoka, akabaki na mzee mmoja aliyeogopa. Akammiminia chai.

Kisha akafikiri. Barabara ile ilipita kijiji kimoja tu kabla ya njia kuu, na huko mwenye kabichi nyingi alikuwa Khorloo, dada wa marehemu mumewe. Walikuwa hawajasemeshana mwaka wa pili sasa, kwa ajili ya sufuria kubwa ya chuma aliyoiacha mama mkwe. Akachukua simu, akapanda juu ya paa la ghala, mahali pekee penye mtandao.

"Nani?"

"Wifi yako, Yanjmaa."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Chuluun anakuja kwako."

"Ndiyo huyo anaegesha."

"Khorloo, nakuomba. Usimuuzie chini ya mia nane. Sisi tumemkatalia."

Upande wa pili kukawa kimya. Yanjmaa akajua kwa mara ya kwanza jinsi kimya kinavyouma ukiwa wewe ndiye unayengoja.

"Sufuria ya mama ni ya nani?" Khorloo akauliza hatimaye.

Yanjmaa akafumba macho. "Yako."

"Sikusikii vizuri."

"Yako!"

"Sema wote wasikie, kama ulivyosema wote wakasikia kwamba mimi ni mwizi."

Akavuta pumzi. "SUFURIA YA MAMA NI YA KHORLOO!" Sauti ikapita juu ya mashamba, mbwa wakabweka ng'ambo ya mto, na chini uani wakulima wanane na Mkorea mmoja wakainua nyuso.

"Haya, wifi," Khorloo akasema kwa utamu. "Ngoja nimchemshie mgeni chai."

Jua lilikuwa halijashuka lori liliporudi. Chuluun alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Mtu akinitajia chai, nageuza. Mia saba na hamsini, na zile ndogo sitaki."

Yanjmaa alimtazama mpaka Chuluun akaangalia pembeni. Ndipo akamwambia alete lori nyuma. Wakati wa kupakia, Chuluun alimwona Mzee Pyo akibeba magunia.

"Na huyu nani?"

"Mtaalamu kutoka Korea," Gombo akasema. "Anajitolea."

"Anajitolea kufanya nini?"

"Kunyamaza."

Kabichi zile ndogo na theluthi ya viazi walizihifadhi katika handaki la Gombo, lililokinga baridi, wauze mwaka mpya ukikaribia. Gombo aliacha mfuniko wazi usiku mmoja, magunia kadhaa yakaganda, wakamtukana mpaka wakachoka. Mboga zilizopona ziliuzwa vizuri. Majira ya kuchipua Khorloo alijiunga na kikundi pamoja na kaya nne za kijiji chake, na katika mkutano wake wa kwanza alipinga kila kitu, hata saa ya mkutano.

Mzee Pyo alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Barua yake ilifika mwezi wa tatu, Gombo akawasomea. Alisema siku hizi huenda kwenye soko lake la zamani alfajiri, lakini hukaa upande wa wakulima, na wenzake wa zamani wanamuuliza kama anaumwa. Wawili hawamsalimii tena. Aliuliza kama anaweza kurudi.

"Mjibu," Yanjmaa akamwambia Gombo. "Mwandikie kwa heshima zote, hata kama huzijui, zitafute. Mwambie karibu. Ila aje Juni, wakati wa palizi."