Mlango Ambao Kolera Haiugusi

Maji ya kutundikiwa mshipani yaliisha asubuhi katika kituo cha kolera mjini Baraka, na mengine yalikuwa bado barabarani. Muuguzi Arlette alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika hakuweza. Alipofika kwenye kitanda cha mgonjwa Swedi, mwenye mitumbwi ya kupeleka mizigo Uvira, alimkuta mkewe, Zubeda, ameweka chini kikombe cha maji ya chumvi na sukari.

"Umeacha kumupa?"

"Nimupe ya nini, mama? Anakunywa, inatoka yote. Naona ni mi ndiye namumaliza."

Arlette akaketi. Juzi binti mmoja alimnyima mama yake maji kwa sababu hiyohiyo, na mama akafa.

"Sikia, Mama Zubeda. Ndani ya utumbo kuna seli, vitu vidogo sana, macho haiwezi kuviona. Kila seli iko na mujumbe, banamuita AMP ya mzunguko. Protini moja inamuwasha, anatoa amri, kisha anazimwa. Sumu ya kolera inakamata ile protini, inaikaza, haizimike tena. Mujumbe analia tu: fungua mulango, fungua. Chumvi inatoka, maji inaifuata."

"Sasa si amekwisha?"

"Hapana. Kuna mulango ingine, ya kuingilia. Sukari na chumvi zinapita pale pamoja, zinavuta maji. Ile, kolera haiigusi. Maji yenye inatoka unaiona. Yenye inabakia hauione."

"Na zile seli zimekamatwa?"

"Zitadondoka zenyewe, mupya zitaota. Sisi tunamushika tu mpaka zile mupya zifike."

Zubeda alimtazama mumewe, macho yamezama, midomo imekauka. Akaokota kijiko. Swedi akamtapikia kwenye kitenge. Zubeda akapangusa, akangoja kidogo, akaanza tena, polepole zaidi. Mkono ukichoka, alishika kijiko kwa mwingine.

Alasiri Arlette alipita akaifinya ngozi ya tumbo la Swedi. Ilirudi taratibu, lakini ilirudi. Jua lilipoanza kushuka, Swedi akaomba ndoo akojoe.

"Figo zimeamuka," Arlette akasema. "Usiache kumupa."

Zubeda alilia bila sauti, kijiko kikiwa bado mkononi. Nje, pikipiki ilikuwa imeshusha mgonjwa mwingine. Arlette akanawa kwa maji ya klorini, yakamchoma kwenye nyufa za vidole, akaenda kumpokea.