Pasi ya Meza Namba Sita

Saa kumi na mbili asubuhi Tse Kwai-lan alikuwa ameshapiga pasi meza saba. Alifanya alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na moja katika klabu ya snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, mtaani Mong Kok: brashi kwanza, kutoka upande wa nusu-duara, mchezo unakoanzia, kwenda upande wa mpira mweusi, kisha pasi, njia ileile, bila kurudi nyuma. Vinyweleo vya kitambaa cha meza hulala upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukivipinga, mpira hausamehe. Kabla ya kila meza aliikandamiza pasi kwenye kipande cha gazeti. Karatasi ikigeuka rangi, moto umezidi.

Pasi yenyewe ilikuwa pande la chuma, ya kazi hiyo tu. Asubuhi hiyo, badala ya kuirudisha kabatini, aliiviringisha kwenye taulo akaitia mkobani, juu ya kizibao chake cheusi cha mechi.

"Unakwenda kwenye mashindano ya dunia au kwa dobi?" mwenye klabu akamuuliza, mdomo umejaa mkate.

"Kote kote," akajibu, akatoka kabla hajaongezewa meza nyingine.

Mashindano ya dunia ya snuka ya wanawake mwaka huu yalikuwa vituo sita tu vya treni kutoka kwake. Miaka yote yalikuwa ng'ambo, na likizo yake haikuwahi kufika ng'ambo. Alishacheza mechi mbili, akashinda moja. Ya leo ndiyo ya kuamua: akishinda anaingia kumi na sita bora, akishindwa, safari yake imekwisha.

Kushindwa hakukumtisha sana. Kilichomnyima usingizi ni meza. Kwenye jengo la mashindano, ghorofani, chini ya taa kubwa, ilikuwapo meza moja iliyopigwa pasi na mafundi wawili kila siku, ikimsubiri bingwa mstaafu wa kiume aje Jumamosi kuwafurahisha wadhamini. Wanawake walikuwa chini, kwenye ukumbi wa badminton, na meza zao zilikuwa hazijaguswa na pasi tangu Jumatatu. Juzi, kwenye meza namba sita, mpira wake uliotembea polepole ulipinda mbele ya mfuko wa meza na kwenda zake, naye akashindwa. Leo alipangiwa meza hiyohiyo.

Bwana Ngan, msimamizi wa ukumbi, alimkuta amepiga magoti anachomeka waya kwenye soketi.

"We dada, hiyo nini?"

"Pasi, Bwana Ngan. Nimeleta ombi mara mbili, mkasema mafundi hawana nafasi. Mimi ninayo. Nusu saa tu."

Bwana Ngan alicheka, akiwaangalia waamuzi ili wacheke naye. "Kama una hamu ya kupiga pasi, mashati yangu yapo hotelini."

"Yalete. Ila uje umeyavaa."

Kwenye meza namba saba mtu alipaliwa na chai. Masikio ya Bwana Ngan yakawa mekundu. Akachomoa karatasi kwenye faili, akamsukumia.

"Kanuni ya kumi na nne. Mchezaji hagusi kitambaa kabla ya mechi. Akigusa, mpinzani anapewa fremu moja, raundi nzima bila kucheza. Na anayefikisha tatu kashinda. Fikiria vizuri."

Kwai-lan aliisoma mpaka mwisho. Alifikiria wanaume wote wa Mong Kok waliojisifu juu ya meza alizozinyoosha yeye, bila hata mmoja kumuuliza jina. Kisha akaiweka karatasi ya kanuni sakafuni, akaikandamiza pasi juu yake, akahesabu hadi tano. Akainyanyua. Karatasi ilibaki nyeupe.

"Moto uko sawa," akasema, akaanza na brashi.

"Andika!" Bwana Ngan akamwambia mwamuzi. "Deng moja, Tse sifuri!"

Deng Caiyun, mpinzani wa Kwai-lan, msichana wa Foshan mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa ameketi akifuta fimbo yake. Akainuka. Alipofika mezani alinyanyua waya wa pasi usiburuze, na kwa mkono wa pili akachukua brashi.

"Kaa, mdogo wangu," Kwai-lan akanong'ona. "Umeshapata fremu. Utaipoteza bure."

"Sitaki fremu ya kuokota, dada Lan. Na hapahapa jana mpira wangu wa bluu ulikwenda kama mlevi. Napita hivi?"

"Hivyo. Usirudi nyuma."

"Sirudi."

"Wewe! Umegusa kitambaa!" Bwana Ngan akafoka.

"Nimegusa."

Mwamuzi, mama wa makamo mwenye glovu nyeupe, alisogea kwenye ubao wa matokeo na kugeuza namba bila kutabasamu. Deng moja, Tse moja. "Kanuni ni kanuni, Bwana Ngan," akasema.

Walicheza saa mbili na nusu. Mpira ulikwenda ulikotumwa, na hapakuwa na wa kusingizia. Wakafika mbili kwa mbili. Fremu ya mwisho Caiyun aliusukuma mpira wa bluu polepole, ukavuka meza nzima, umenyooka kama uzi, ukaangukia mfukoni. Kwai-lan aliufuata kwa macho na kujua ameshindwa kabla haujafika. Meza yake ndiyo iliyomtoa. Alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Alikwenda chooni, akalia kidogo, akanawa uso. Aliporudi, wachezaji wa mechi za mchana walikuwa wanaingia. Akaibeba pasi hadi meza namba saba, akachomeka waya.

Bwana Ngan alikuja mbiombio. "Kanuni ya kumi na nne!"

"Inasema mchezaji," Kwai-lan akamjibu. "Mimi nimeshatolewa."

Bwana Ngan alifungua faili lake, akaanza kupekua. Kwenye meza namba nane mtu akasema, "Dada, ukimaliza hapo, na kwetu." Kwai-lan aliitikia kwa kichwa, akamnyooshea Bwana Ngan mkono, kiganja juu.

"Una karatasi nyingine ya kanuni? Nataka kupima moto."